Wiki Tatu au Wiki Sita?

Ndugu zangu, habari za jioni. Swali nililopigwa tangu mlangoni ni hili: mgonjwa mmoja anaitwa kwenye dripu kila baada ya wiki 3, mwenzake kila baada ya wiki 6, na dawa ni ileile, pembrolizumabu, dawa ya saratani inayotumia kinga ya mwili. Huyu wa pili anapunjwa?

Hapunjwi. Wa kwanza hupewa miligramu 200, wa pili 400. Waliopitia kemo wamezoea kwamba mwili unapumzishwa kati ya mzunguko na mzunguko, kwa kuwa kemo inaua seli, nzuri na mbaya. Hizi dawa za kinga haziui saratani zenyewe; zinaachia breki iliyozishika seli T, askari wa kinga ya mwili. Na hazina haraka ya kutoka: siku kama 22 zikipita, nusu ya pembrolizumabu bado imo mwilini. Ndiyo maana mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu ratiba ya wiki 6.

Sasa tuje kwenye pesa, maana ndiko kunakouma. Mwanzoni dozi ilikuwa miligramu 2 kwa kila kilo ya mgonjwa. Baadaye ikawa 200 kwa kila mtu, mnene kwa mwembamba. Mwenye kilo 60 alitosheka na 120! Kichupa kina miligramu 100, kwa hiyo wagonjwa watano wa kilo 60 wakipangiwa siku moja, vichupa 6 vinawatosha. Kwa dozi moja kwa wote, vinafunguliwa 10. Mimi naona hesabu hii ifanywe kila famasi.

Madaktari wa Tata Memorial, hospitali ya saratani ya Mumbai, India, walithubutu zaidi. Wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo waliwapa nivolumabu, dawa nyingine ya kinga, miligramu 20 tu kila wiki 3, juu ya vidonge vyao vya saratani. Matokeo yalitoka 2022: baada ya mwaka, waliokuwa hai ni asilimia 43.4, dhidi ya 16.3 ya waliopewa vidonge peke yake. Hiyo si ruhusa ya kujipunguzia dozi nyumbani, jamani.

Ukikosa tarehe, piga simu kliniki upangiwe nyingine. Na ukianza kuharisha mfululizo au kubanwa pumzi, hata miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho, mwambie daktari yeyote utakayemkuta kwamba uliwahi kupewa dawa hizi.