Kikombe Kilicho Mkononi mwa Bibi

Mhadhara wa mkunga uliotolewa Ujiji, Kigoma, mbele ya vikundi vya akina mama, wavuvi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii

Shikamooni wazee wangu. Assalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Nawashukuru sana mabibi mliokaa hapa mbele, maana leo nimekuja hasa kwa ajili yenu. Mkutano huu ulipokuwa unapangwa nilimwomba mwenyekiti wa mtaa asiniletee wajawazito peke yao. Wajawazito nakutana nao kliniki kila siku. Nilimwambia, niletee mama mkwe, niletee mume, niletee shangazi anayehamia kwa mzazi zile siku arobaini. Hao ndio wanaobaki na mtoto mimi nikishafunga mlango wa zahanati.

Habari yenyewe ni VVU, na mtoto anayezaliwa na mama mwenye VVU. Natamka waziwazi, msiniinamie vichwa.

Nilianza ukunga miaka ya mwanzo ya 2000. Dawa tuliyokuwa nayo wakati ule ilikuwa kidonge kimoja cha nevirapini, mama anameza uchungu ukianza, na mtoto anapewa matone akishazaliwa. Utafiti uliofanyika Uganda na kutangazwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba dawa hiyo inapunguza maambukizi karibu kwa nusu, na kwetu ilikuwa kama mvua baada ya kiangazi. Lakini kidonge kimoja hakiwezi kumlinda mtoto miezi yote anayonyonya. Kwa hiyo tulifundisha kama mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulivyosema: mama akiweza kupata maziwa mbadala yaliyo salama, anayoyamudu na ya kudumu, asinyonyeshe kabisa, asipoweza, anyonyeshe ziwa pekee, kisha aache mapema.

Mama mmoja, kijiji chake sikitaji, alinisikiliza neno kwa neno. Alimwachisha mtoto akiwa na miezi minne. Maziwa ya kopo yalikuwa ghali, akawa anayazidisha maji ili yafike mwisho wa mwezi. Ikaja mvua ya Machi, vyoo vikafurika. Mtoto aliharisha siku nne, ya tano akafariki. Kipimo cha watoto wachanga hatukuwa nacho, kwa hiyo hakuna ajuaye kama alikuwa na virusi. Tunachojua ni kwamba aliuawa na kuhara. Ushauri ulikuwa wangu, na sura ya yule mama akiwa amesimama mlangoni na kanga tupu mkononi sijaisahau mpaka leo.

Wala haikuwa Kigoma peke yake. Botswana, mwanzoni mwa 2006, mvua kubwa ilinyesha na maji yakachafuka. Serikali ya kule ilikuwa ikiwapa akina mama wenye VVU maziwa ya kopo bure, kwa nia njema kabisa. Ukaja mlipuko wa kuhara, na waliolazwa na kufa kwa wingi walikuwa watoto wasionyonya. Maziwa ya bure hayakufaa kitu pale ambapo maji ya kuyakorogea yalikuwa machafu.

Sisi watu wa ziwani hatuhitaji kwenda mbali kulielewa hilo. Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojaa Kagunga, kijiji chembamba kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, maji ya kunywa na maji ya kunawia yalikuwa hayohayo. Kipindupindu kikaingia, watu wapatao 30 wakafa, na meli ya MV Liemba ikawa inapishana na mawimbi kuwaleta waliobaki huku mjini. Mnaokaa Kibirizi na Katonga mnajua ndoo inachotwa wapi. Sasa chukueni maji hayo mkakoroge maziwa ya mtoto wa wiki tatu, mara nane kwa siku, kwa chupa isiyochemshwa kwa sababu mkaa umepanda bei.

Mwongozo ulibadilika mwaka 2010, baada ya kuonekana kwamba dawa zikimezwa mfululizo ziwa la mama linakuwa salama. Mwaka 2013 Tanzania ikaanza kumpa kila mjamzito na kila mama anayenyonyesha mwenye VVU dawa za maisha, bila kusubiri kinga zishuke. Tangu 2016 ni kila mtu mwenye VVU, awe mama au baba. Na tangu 2019 wengi wanameza kidonge kimoja tu kwa siku, ambacho ndani yake kuna tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Majina msiyashike. Shikeni kwamba ni kimoja, kila siku, saa ileile.

Chukueni akina mama 100 wenye VVU wasiomeza dawa yoyote, wanaozaa na kunyonyesha. Watoto kati ya 15 na 45 wangeambukizwa: wengine tumboni, wengi wakati wa kujifungua, wengine kwa maziwa. Kwa hiyo hata zamani, bila dawa, zaidi ya nusu ya watoto walitoka salama. Nalisema hili kwa wale wanaodhani mtoto wa mama mwenye VVU lazima awe nayo. Halikuwa kweli hata kabla ya dawa. Na dawa zikimezwa vizuri, wanaoambukizwa hawafiki watano katika 100. Utafiti mmoja mkubwa uliofanyika nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo, ulitoa matokeo mwaka 2018: ama mama alikuwa kwenye dawa, ama mtoto alikuwa akipewa nevirapini kila siku. Mwaka mzima wa kunyonya, walioambukizwa kwa maziwa hawakufika hata mtoto mmoja katika 100.

Kwa hiyo ziwa libaki mdomoni mwa mtoto. Miezi sita ya mwanzo maziwa ya mama pekee. Baada ya hapo aanze uji na vyakula vingine huku akiendelea kunyonya mpaka mwaka, na mpaka miaka miwili hakuna ubaya, alimradi mama anaendelea na dawa na anafuatiliwa. Waislamu wenzangu mnajua tangu madrasa kwamba unyonyeshaji uliokamilika ni miaka miwili. Hapa hospitali na msikiti vinasema jambo moja.

Sasa nimefika kwenu, mabibi. Hili neno "pekee" ndilo linalovunjika majumbani. Binti anarudi kutoka leba tumempa maelezo yote, anafika nyumbani, mtoto analia usiku, na bibi anasema huyu ana chango. Anachemsha mizizi. Siku ya tatu anampa maji, jua ni kali. Wengine wanamlambisha asali, na asali haipewi mtoto wa chini ya mwaka mmoja, awe na mama mwenye VVU au asiye nayo. Mwezi wa pili unaanza uji wa muhogo, mwembamba, kijiko tu. Dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya njano, linakamuliwa na kumwagwa eti ni chafu, kumbe ni kama chanjo ya kwanza ya mtoto.

Ubaya wa kijiko hicho ni huu. Utumbo wa mtoto mchanga ni laini kama utando wa ndani ya ganda la yai. Maziwa ya mama yanaufunika na kuuziba. Uji, maji, mizizi vinaukwaruza, na pale palipokwaruzwa kirusi kinapata pa kupenya. Pia mtoto akishiba uji hanyonyi sawasawa, maziwa yanalala kwenye titi, titi linavimba na kuuma, na titi lililovimba linatoa virusi vingi zaidi. Watafiti wa Durban ndio walioliona mwanzoni, mwaka 1999: watoto walionyonya tu waliambukizwa kidogo kuliko walionyonya huku wakipewa na vingine. Watu hawakuamini. Wengi walidhani maziwa kidogo na uji kidogo ni kupunguza hatari. Kumbe ni kuiongeza.

Na kama bibi ameshampa, tayari? Wala msigombane, na mama asiache kunyonyesha kwa hofu. Aendelee na dawa zake, arudi kwenye ziwa pekee, aje kliniki aseme. Sitamfokea. Tukimfokea leo, kesho ataficha.

Kuficha ndilo donda la mkoa wetu. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023, watu wazima wenye VVU Kigoma walikuwa asilimia 1.7, wakati Njombe ni asilimia 12.7. Tunashukuru Mungu kwa uchache huo. Lakini fikirini mama mwenye VVU hapa kwetu anavyoishi. Kule Njombe jirani yake anameza, shemeji yake anameza, na foleni ya CTC, kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU, ina watu anaowafahamu. Hapa anadhani yuko peke yake mtaa mzima. Nimewaona wanaofukia vidonge kwenye debe la unga, wanaovifunga kwenye pindo la kanga, wanaotoka Ujiji kwenda kuchukua dawa wilaya nyingine ili wasionwe. Na siku mgeni akilala chumbani, dawa haimezwi. Siku mbili, siku tano. Virusi vinapanda, na mtoto yuko ziwani.

Baba, hapo ndipo unapohitajika. Mkeo akikwambia, asijute kwamba amekwambia. Majibu ya mtu ni siri yake, kwa hiyo mimi sitakuja kukuambia. Atakuambia yeye, kama atakuona unaambilika. Nawe upime. Nasema kwa mkazo kwa wavuvi: mama aliyepimwa akiwa mjamzito akaonekana hana, kisha akaambukizwa wakati ananyonyesha, ndiye wa hatari kuliko wote. Maambukizi mapya yana virusi vingi mno, na yeye anajijua mzima, hamezi chochote. Ndiyo maana tunarudia kumpima mimba ikikua, na tena akiwa ananyonyesha. Mama, ukiitwa kupima mara ya pili usiseme "nilishapima". Na baba ukiwa na shaka na mwendo wako, mpira uvaliwe nyumbani pia.

Tena kwenu wavuvi. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka mnarudi nyumbani, giza likiingia mnahama kambi, leo Kibirizi, mwezi ujao kusini huko, na wake zenu wengine wanafuatana nanyi kuanika dagaa. Tarehe ya kliniki inapita mama yuko kambini. Kabla hamjapakia mtumbwi, mama apite achukue dawa za kutosha na barua ya uhamisho. CTC yoyote itampokea, hata asiye na barua atapokelewa, aseme tu.

Kuhusu mtoto nitapita haraka, kwa kuwa haya tutayafanya sisi. Akizaliwa anaanza dawa ya maji, kwa kawaida wiki sita, na aliye katika hatari zaidi muda unaongezwa. Akiwa na wiki nne hadi sita tunamchoma kisigino, tone la damu linakaushwa kwenye karatasi, linakwenda maabara. Hapo anaanza pia kotrimoksazoli, dawa ya kumkinga na magonjwa nyemelezi. Anapimwa tena akiwa na miezi 9, na miezi 18, na tena akishaachishwa ziwa kama alinyonya zaidi. Jibu la wiki ya sita likiwa zuri si mwisho, maana bado ananyonya. Wengi wanapotelea hapo: jibu zuri limekuja, wanashangilia, hatuwaoni tena. Na likiwa baya, mtoto anaanza dawa siku hiyohiyo. Watoto wanaoanza mapema wanakua, wanasoma, ninao wanaonizidi kimo.

Chuchu ikipasuka, titi likiwa jekundu na moto, au mtoto akiwa na utando mweupe mdomoni, njooni siku hiyo. Titi bovu likamuliwe, maziwa yake yamwagwe, anyonye upande mzima mpaka lipone.

Bibi mmoja ameniuliza mlangoni nilipokuwa naingia: "Mwanangu, sasa akilia usiku na nimekatazwa kila kitu, nifanye nini na mikono yangu?" Swali zuri, nimelibeba mpaka hapa. Mbeleke mtoto, bibi, tembea naye chumbani, mcheulishe begani. Kisha mpe mama yake, amnyonyeshe titi moja mpaka lilainike ndipo ahamie la pili. Na kile kikombe cha maji ulichokuwa unamwandalia mtoto, mpe mama. Anayenyonyesha ana kiu sana usiku, na kidonge chake pia kinahitaji maji.