Kipindi cha 41: Kilo 4 za Halua

ZUHURA: Haya jamani tumerudi, na mwenzangu leo ananukia achari.

KARANJA: Hilo shati nimelifua mara tatu. Tatu! Wasikilizaji, shangazi yake Zuhura alikuwa anaenda Maskati Jumanne usiku, nikaombwa lifti. Mimi najua nabeba mama mmoja na sanduku lake, kufika South B nakuta watu 14 wamevaa kama wanaenda harusi, wote wanamsindikiza.

ZUHURA: Sasa mtu aondoke peke yake kama ametoroka?

KARANJA: Nikabeba watano, wengine wakatufuata na matatu, tukachelewa. Kwa kaunta mizani inasoma kilo 31, ruhusa ni 23. Shangazi akafungua sanduku palepale sakafuni, foleni yote nyuma yetu inaangalia, akaanza kutoa. Madera. Leso. Achari ya embe kwa chupa ya mayonezi, kifuniko hakijakaza, hiyo ndio ilinimwagikia. Halafu halua. Kilo 4. Za halua. Anaenda Omani!

ZUHURA: Halua ya Mombasa si kama ya Maskati.

KARANJA: Zuhura, halua ilitoka huko!

ZUHURA: Ilitoka huko ikaja kunoga huku. Sasa inarudi kuwasalimia wenyewe.

KARANJA: Yule dada wa kaunta akamwambia mama punguza mzigo, shangazi akatoa viatu. Jozi zote. Halua ikabaki ndani.

ZUHURA: Na ndege akapanda. Haya tuingie mada, tuliahidi historia ya hii eapoti yetu ya Nairobi, halafu mwisho mambo matano ya kuzingatia ukisafiri.

KARANJA: Kwanza shangazi nitamtetea kwa kuchelewa, maana hii eapoti ilianza na mchelewaji. Inafunguliwa Embakasi 1958, mgeni rasmi alitakiwa awe mama yake Malkia wa Uingereza. Mgeni rasmi amekwama Australia! Ikabidi gavana, Evelyn Baring, afungue mwenyewe.

ZUHURA: Labda na yeye mizani ilimkataa.

KARANJA: Fungua sanduku mama, hii halua ni ya nani?

ZUHURA: (anacheka) Wallahi nyamaza. Na kabla ya hapo ndege za abiria zilikuwa zinatua Eastleigh, kwa kambi ya jeshi la anga la Waingereza. Eastleigh hii hii ya kununua mapazia.

KARANJA: Na hiyo Embakasi ya kwanza sio hapa tunapoingilia siku hizi, ilikuwa ng'ambo ya pili ya ranwei, sasa ni ya wanajeshi. Hili jengo la nusu duara lilifunguliwa Machi 1978, Agosti mzee Kenyatta akafariki, uwanja ukapewa jina lake. Ranwei ni ileile moja, kilomita 4 na kitu, imefanywa ndefu hivyo kwa sababu Nairobi tuko juu, mita 1,600 hivi kutoka baharini, hewa nyepesi, kwa hivyo ndege nzito lazima ikimbie sana kabla inyanyuke.

ZUHURA: Haswa ikiwa na halua.

KARANJA: Haswa hiyo.

ZUHURA: Lakini kuna kitu umekiruka. Ni nani waliochimba?

KARANJA: Nilijua tu utafika hapo.

ZUHURA: Wafungwa wa Mau Mau. Wakati wa Hali ya Hatari, ile ya mkoloni ya miaka ya hamsini, watu wanatolewa gereza la Embakasi wanapelekwa kusawazisha ule udongo mweusi, ule unaonata kwa kiatu mvua ikinyesha. Juzi nasubiri shangazi amalize na sanduku lake nikaangalia kuta zote, tangazo la benki, tangazo la simu, sikuona hata jiwe moja la kuwakumbuka.

KARANJA: Mimi sitaki jiwe.

ZUHURA: Weye? Na babu yako alifungwa!

KARANJA: Ndio maana sitaki. Guka, huyo babu yangu, alikaa kambi ya Manyani, sio Embakasi, lakini kazi ilikuwa ya aina hiyo hiyo. Ukiweka jiwe anakuja mkubwa anakata utepe, wanapiga picha, kesho ni kama deni limelipwa. Waingereza 2013 walikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa, na gharama za mawakili zimo humo humo, hebu gawanya uone kila mtu alibakiwa na nini. 2015 ukumbusho wao ukazinduliwa pale Uhuru Park. Guka alikufa shamba halijarudi. Jiwe haliliwi.

ZUHURA: Lakini ona, mwaka wa huo ukumbusho umeutaja bila kufikiria. Kwa sababu upo, unauona ukipita. Binti yangu amepita hapo eapoti mara sita, anachojua ni duka la chokoleti.

KARANJA: Si umwambie.

ZUHURA: Wangu nitamwambia, na wa jirani?

KARANJA: Jirani pia ana mdomo.

ZUHURA: Karanja.

KARANJA: Hapana. Walipe kwanza, jiwe baadaye.

ZUHURA: Wakilipa hakuna atakayekumbuka walilipa nini.

KARANJA: Basi.

ZUHURA: Basi, lakini sijakubali.

KARANJA: Hata mimi. (kimya) Tulitaka kusema pia ule moto.

ZUHURA: Agosti 7, 2013, ukumbi wa wanaowasili uliteketea, ikawa wageni wanapokelewa kwa mahema. Na ilikuwa tarehe ileile ya bomu la ubalozi wa Marekani la 1998, miaka 15 kamili, kila mtu akaruka roho. Tumebakisha muda gani?

KARANJA: Dakika moja. Na yale mambo matano?

ZUHURA: Hatuna hata la kwanza. Ngoja, shangazi ametuma sauti. Anasema halua imeisha siku ileile, wanataka nyingine. Na anauliza viatu vyake.

KARANJA: Viko kwa buti ya gari yangu. Jozi tano. Nani anaenda Maskati wiki ijayo?