Dughulushi la Jiwe la Bibi

HALIMA: Karibuni tena. Hoza, tangu Jumanne sauti yako iko chini. Wasikilizaji wakikusikia hivyo wanajua kuna jambo.

HOZA: Nimeumia, dada Halima. Nilikwenda kumtafutia mama ua la barazani, pale chini ya mwembe ambapo jua halifiki. Muuza maua akaniletea kikopo: majani ya mviringo yenye manyoya laini, maua ya zambarau, vichembe viwili vya njano katikati. Akasema, “Hili la Uholanzi, kaka, 15,000.” Dada, hilo ni dughulushi! La kwetu Usambara!

HALIMA: Ukalipa?

HOZA: Nikalipa. Ningeliachaje pale?

HALIMA: Haya, leo tulipanga kufundisha kulilea, mambo matano nimeyaandika hapa. La kwanza…

HOZA: Subiri, jina kwanza. Mwaka 1892 mkuu wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake Ujerumani mbegu za ua hili. Baba akazifikisha kwa Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover. Mwaka 1893 likaandikwa Saintpaulia ionantha. Bibi yangu kalijua tangu anabebwa mgongoni, lakini likapewa jina la bwana mkubwa!

HALIMA: Jina hilo limeshatenguliwa. Tangu 2015 wataalamu wameliingiza kwenye jenasi, yaani kundi la mimea yenye udugu, iitwayo Streptocarpus. Saintpaulia limebaki jina la kikundi tu humo ndani. Na Wajerumani mitaani wanaliita Usambaraveilchen.

HOZA: Hebu rudia.

HALIMA: Usambara-veilchen.

HOZA: Mjerumani akiingia dukani anaitaja Usambara, sisi tulio Tanga tunaambiana la Uholanzi! Kwa bibi kuna jiwe kando ya kijito, upande usiopigwa na jua. Tukienda kuteka maji tunayakuta maua haya yamejishika kwenye ufa, udongo wenyewe hata kiganja haujai. Jumamosi nakwenda kuchuma jani moja, nioteshe dughulushi lenye asili yake.

HALIMA: Hapana, Hoza.

HOZA: Jani moja! Jani na kikonyo chake, ukilichomeka kwenye udongo mwepesi linatoa vitoto. Mama yake hafi.

HALIMA: Wewe jani moja, na atakayesikia kipindi hiki jani moja. Kuna aina zinazoota sehemu chache mno, kule Kilifi kwenye miamba ya chokaa, kule Taita. Miti ya juu ikikatwa jiwe linakauka, na ua linakwenda nalo. Chukua jani la hilo la kikopo.

HOZA: La kikopo limechanganywa mbegu vizazi na vizazi. Sitaki hilo. Waliobeba mbegu hawakuulizwa, leo mjukuu wa mwenye kijito anyimwe jani?

HALIMA: Hawakuulizwa, ndiyo maana mimi nakuuliza wewe. Ukilipenda, panda mti juu ya lile jiwe.

HOZA: Mti nitapanda. Na jani nitachuma.

HALIMA: Basi hapo hatuelewani.

HOZA: Hatuelewani, dada.

HALIMA: Na fundi ananionyesha kidole kimoja. Dakika moja! Mambo matano yote haya…

HOZA: Sema la maji. Hilo ndilo linaloua mengi.

HALIMA: Maji ya baridi yasiguse jani, litatoka madoa. Weka maji kwenye kisahani, chungu kinywe kwa chini. Kikishiba, mwaga yaliyobaki, mizizi isioze. Dirishani weka palipo na mwanga, siyo jua lenyewe. Udongo…

HOZA: Udongo wiki ijayo. Jumamosi niko kwa bibi.

HALIMA: Msalimie sana. Na Hoza, lile jani liache.