Mashine na Kasha: Saa ya Mfukoni ya Kimarekani Ilivyopata Nyumba Yake

Mabibi na mabwana, jambo hili nimelisema mara nyingi, na nitaendelea kulisema maadamu watu wanaendelea kuzituhumu saa zisizo na kosa: nambari ya kasha kutofautiana na ya mashine, yaani mtambo wa ndani unaoiendesha saa, si ushahidi wa udanganyifu. Kwa sehemu kubwa ya nusu ya pili ya karne ya 19, viwanda vya saa vya Kimarekani vya Waltham na Elgin viliuza zaidi mashine tupu, huku Dueber, Keystone na wengineo wakitengeneza makasha na kuyapiga nambari zao wenyewe. Mnunuzi aliingia kwa sonara, akachagua mashine kwa kadiri ya mfuko wake, kisha akachagua kasha la dhahabu, la fedha au la nikeli, na sonara akavikutanisha hapohapo dukani.

Hilo liliwezekana kwa sababu vipimo vilikuwa vya pamoja. Saizi 0 ni inchi 1 na 5/30, na kila saizi inayofuata huongeza 1/30 ya inchi, hivyo saizi 16 ina takriban milimita 43.2 na saizi 18 milimita 44.9. Katika saa nyingi za baadaye, hata kijiti cha kutilia ufunguo kilikaa kwenye kasha, si kwenye mashine.

Mtauliza: basi tutajuaje kama mashine imehamishwa? Fungueni mfuniko wa nyuma, mshike lenzi, na mtazame ukingoni mwa mashine. Hapo zipo skrubu, kwa kawaida mbili, ambazo vichwa vyake hulalia mdomo wa ndani wa kasha, na kila zinapokazwa huukwaruza mdomo huo na kuacha alama ndogo yenye umbo la mwezi mwandamo. Mkikuta alama nyingine pembeni, isiyo na skrubu juu yake, kasha hilo limewahi kubeba mashine nyingine, hata muuzaji akiapa vipi. Lakini msigeuze hoja: alama zikilingana na skrubu, hazithibitishi kwamba vitu hivyo viwili vimekuwa pamoja tangu mwanzo, kwa kuwa mashine nyingine ya modeli ileile ingekaza mahali palepale. Ninaona uchungu mtu anapotenganisha saa nzuri kwa ajili ya kutafuta “kasha lenye nambari sahihi” ambalo halikuwahi kuwapo.

Mashine iliyoundwa kwa kasha lenye mfuniko wa mbele, ikitiwa katika kasha la uso wazi, huleta kitasa cha kutilia ufunguo kwenye nambari 3 ya uso wa saa badala ya nambari 12. Hilo mtaliona wenyewe bila lenzi. Kuhusu makasha ya dhahabu yaliyoyeyushwa, hasa bei ilipopanda mwaka 1980, na mashine zake kubaki uchi hadi zikavishwa upya, muda hauniruhusu kueleza. Katika miaka ya 1920 viwanda vyenyewe vilizidi kuuza saa zikiwa zimekwisha kuvishwa makasha, na chaguo la mnunuzi mbele ya sonara likapungua.

Saa tatu zipo mezani, pamoja na lenzi. Anzeni na skrubu.