Chungwa, Tochi na Nyota ya Sumaku: Jinsi ya Kuifuatilia Cor Caroli

Karibuni. Kabla hatujatoka nje, chukua chungwa.

Lichome kijiti, kiingie juu kitokee chini. Huo ndio mhimili. Sasa chomeka njiti ya kiberiti ubavuni: hiyo ncha ya sumaku. Umeona haikukaa kwenye mhimili? Shikilia hilo. Paka wino kuizunguka njiti, zima taa, washa tochi, halafu zungusha polepole. Doa linakuja, linapita, linapotelea nyuma. Chungwa halikuvimba wala kusinyaa. Limegeuza uso tu.

Cor Caroli hufanya hivyo kila baada ya siku 5, saa 11 na dakika 16 hivi. Sumaku yake inaishinda ya Dunia maelfu ya mara, na imeituliza gesi ya juu hadi madini yamejikusanya kwa madoa: yuropiamu huku, kromiamu kule. Ila wino wetu unatia giza, na madoa ya nyota yanaweza kung'aa zaidi, kwa kuwa humeza miale ya urujuanimno na kuirudisha kama mwanga tunaouona.

Ukiuchambua mwanga wake kuwa utepe wa rangi, utakuta mistari myeusi, kila elementi na yake. Mwaka 1913 Mrusi Aristarkh Belopolsky aliona mistari ya yuropiamu ikikolea na kufifia kwa mzunguko huohuo. Ya yuropiamu ikikolea, ya kromiamu hufifia. Mimi hapo ndipo naipenda nyota hii: hatuoni doa hata moja, lakini tunajua yamekaaje.

Haya, tutoke. Mwezi Mei, saa tatu usiku, ukiwa Nairobi au Dar es Salaam, tazama kaskazini. Tafuta nyota saba zilizokaa kama upawa uliopinduliwa. Cor Caroli iko peke yake juu ya mpini.

Weka kamera kwenye stendi. Vuruga fokasi kidogo, nyota iwe kiduara badala ya nukta, mwanga usijae kupita kiasi. Piga picha ishirini, kisha linganisha kwa programu na Alkaid, nyota ya mwisho ya mpini. Usilinganishe na Alioth, nyota nyingine ya mpini! Nayo ni ya ukoo huuhuu, hubadilika kwa siku 5 na kidogo.

Tofauti ni kama asilimia 10 tu, jicho halitaiona. Rudia kila usiku usio na mawingu, wiki tatu au nne. Ukishapata vipimo, vipange vyote juu ya mzunguko mmoja, usiku wa kwanza na wa kumi na mbili vikutane karibu mahali pamoja, uone nukta zikipanda na kushuka.