Krismasi Bila Pilau: Chewa wa Tui la Korosho

SOMOE: Karibuni tena wasikilizaji, popote mlipo, hasa ndugu zetu wa Mtwara na Lindi. Mimi ni Somoe, nimetoka Mikindani asubuhi hii kuja kurekodi.

FESTO: Na mimi ni Festo, wa hapa hapa mjini. Karibuni sana.

SOMOE: Kaka Festo, habari zako zimenifikia kabla hujanisimulia mwenyewe. Nimeambiwa Krismasi kwenu hakikupikwa hata kibaba cha mchele.

FESTO: Hata kibaba, dada Somoe. Si pilau, si wali wa nazi. Na tulikuwa watu 14.

SOMOE: Wazo la nani hilo?

FESTO: La mama. Mwezi wa 11 tulikuwa Newala kumsaidia bibi kuokota korosho. Jioni moja mama akaenda dukani kununua mchele, akamuuliza mwenye duka umetoka wapi. Akajibiwa, Mbeya. Akalipa, akanyamaza. Tulipofika njiani ndipo akasema: hivi sisi tunainama kwenye mikorosho tangu alfajiri, gunia lote linakwenda ghalani, mnada ukipita linapanda meli kwenda India au Vietnam, halafu sikukuu ikifika tunachukua hela ya korosho kununua mchele. Korosho yenyewe inafika lini mezani kwetu?

SOMOE: Kibakuli cha wageni.

FESTO: Kibakuli cha wageni basi! Tena wageni wenyewe wanahesabiwa.

SOMOE: Ni kweli kabisa. Kwetu mtoto akikutwa anatafuna korosho, anaambiwa unatafuna ada ya shule. Umekua ukijua korosho ni pesa, siyo mboga.

FESTO: Ndiyo hivyo. Basi mama akatenga kilo 10 za ghafi, bado na maganda yake, akasema hizi haziendi ghalani. Hizi ni za Krismasi.

SOMOE: Ghafi! Mkabangua wenyewe? Maana hapo ndipo watu wengi wanapokata tamaa.

FESTO: Tulibangua wenyewe, jioni ya tarehe 24, uani. Na hapa naomba niende taratibu, maana kuna watu watataka kujaribu. Ganda la korosho lina mafuta makali. Yakikugusa, ngozi inaungua, inababuka. Bibi yangu vidole vyake vina madoa meusi tangu sijazaliwa. Kwa hiyo huli korosho mbichi kwa kupasua tu kama karanga.

SOMOE: Na moshi wake pia.

FESTO: Moshi ni mbaya, unawasha macho na kifua. Kwanza tuliangalia upepo unaelekea wapi, watoto wakakaa upande wa pili. Tukaweka karai chakavu juu ya mafiga, korosho ndani, unakoroga kwa mti mrefu. Zikishapata moto zinaanza kutoa yale mafuta, yanafoka, mara karai lote linawaka. Usishtuke. Unaacha kidogo, unalipindua mchangani, unafukia na mchanga mpaka moto ufe. Zikipoa unapaka jivu mikononi, unagonga kwa jiwe dogo, ganda linaachia.

SOMOE: Kilo 10 zilitoa ngapi?

FESTO: Kilo 2 na kidogo. Kwa kawaida kilo 4 au 5 za ghafi ndiyo unapata kilo 1 ya korosho yenyewe. Nyingine zilikatika, lakini kwa tui haijalishi. Sokoni kinachotafutwa ni nzima nyeupe, vipande vinashuka bei. Kwenye chungu vipande ndivyo vinavyosagika upesi.

SOMOE: Mliokuwa mnagonga ni akina nani?

FESTO: Wote. Mama, shangazi wawili, wajomba, binamu, mpaka baba. Baba! Mimi sijawahi kumwona baba na kazi ya jikoni siku ya sikukuu. Kila mwaka mama na mdogo wake wanaamka saa 10 usiku kuwasha moto wa pilau, sisi tunakwenda misa, tunarudi, tunanawa, tunakula. Wao misa wanaisikia kwa jirani kwenye redio. Mwaka huu mama alikaa kanisani mstari wa mbele mpaka baraka ya mwisho.

SOMOE: Hapo umenigusa. Kwa kweli kwetu Idi ni vile vile. Swala ya Idi inapita mwanamke yuko kwenye moshi.

FESTO: Kwa sababu pilau ya watu wengi haigawanyiki, dada. Sufuria ni moja na anayejua chumvi ni mmoja. Lakini korosho kila mtu ana jiwe lake.

SOMOE: Haya, tuje kwenye samaki. Kwa nini chewa?

FESTO: Nilitaka pweza. Lakini wiki ile maji yalikuwa mafu, mwamba haukupwa vizuri, na waliokuwa na pweza walikuwa na wadogo tu. Wavuvi wa Msangamkuu wakaniambia chukua chewa, nyama yake nene haikauki motoni. Nikapata mmoja wa kilo 4 na mwingine wa kilo 3.

SOMOE: Walikushauri vizuri. Ukamfanya wa kupaka?

FESTO: Nikampasua mgongoni, nikamfungua kama kitabu. Chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, akakaa saa 1. Halafu kwenye wavu juu ya makaa. Hayo ni yale yale unayoyajua wewe. Kilichobadilika ni tui tu: badala ya nazi, korosho.

SOMOE: Sasa hapo nieleze, maana tui la nazi nalijua. Likichemka vibaya linakatika. La korosho linafanyaje?

FESTO: Halikatiki. Linaganda. Na mimi sikujua. Niliziloweka kwenye maji ya moto saa 1, nikasaga kwenye blenda, nikamimina kwenye sufuria yenye vitunguu, nikaliacha kwenye gesi nikaenda kugeuza samaki. Niliporudi limekuwa zito kama ugali mlaini, chini limeshika, na harufu ya kuungua imeingia lote. Nusu kilo ya korosho, dada Somoe. Nusu kilo ambayo watu wameitoa kwenye moto kwa mikono. Iliniuma sana.

SOMOE: Pole. Mama alisemaje?

FESTO: Hakusema kitu. Alichukua kibakuli, akapima nyingine. Akanifundisha: vikombe 2 vya korosho, maji vikombe 5, nusu ya maji unasagia, nusu unaweka pembeni yakiwa moto. Moto mdogo, na mwiko hautoki mkononi. Likianza kuwa zito unaongeza maji kidogo kidogo. Pilipili na bizari mwanzoni, ndimu mwishoni kabisa ukishaepua. Unampaka samaki tabaka la kwanza, unamrudisha motoni dakika chache, unampaka tena.

SOMOE: Na ladha?

FESTO: Nazi ina utamu wake unaoujua tangu unanusa. Korosho ni tulivu zaidi. Inakaa nyuma, samaki anakuja mbele. Na kwa vile zetu zilikaangwa kwenye karai la moto, kulikuwa na moshi kwa mbali. Shangazi alifikiri tumetia kitu cha dukani.

SOMOE: Mkala na nini sasa, kama si wali?

FESTO: Muhogo mtamu wa kuchemsha, sufuria bila mfuniko. Kisamvu kilichotwangwa na korosho kidogo. Na ming'oko, vile viazi vya porini.

SOMOE: Ming'oko! Siku ya Krismasi?

FESTO: Hapo ndipo palipokuwa na maneno. Bibi aliichimbua mwenyewe porini, akaja nayo kwenye kikapu, lakini alikusudia tutafune jioni tukipiga soga. Mama alipoiweka kwenye bakuli la maua, lile la kabatini, bibi akakataa. Akasema: hicho ni chakula cha njaa. Mwaka ambao mvua haikunyesha ndicho kilichotulisha. Mnataka wakwe wanione bado nina njaa?

SOMOE: Jamani. Hilo neno zito. Na namwelewa. Sisi tunanunua ming'oko stendi, imechemshwa na chumvi, tunafurahia. Yeye akiiona anakumbuka kitu kingine.

FESTO: Mama akapiga magoti mbele yake. Akamwambia, mama, kama hiki ndicho kilichokulisha wewe, basi ndicho kilichonifanya mimi niwepo. Kikae kabatini kwa aibu gani? Bibi akanyamaza muda mrefu. Mwishowe akasema, basi iweke, lakini uimenye vizuri.

SOMOE: Mama yako ana hekima.

FESTO: Tukiwa tunakula, mjomba wangu mwalimu akasema jambo ambalo silisahau. Watu walikuwa wananong'ona kwamba hii siyo Krismasi ya asili. Akawauliza, asili ipi? Pilau ilitufikia kwa bahari, hata jina lake lina asili ya Uajemi. Mkorosho nao ulitoka Brazili, Wareno wakauleta karne ya 16 kupitia Msumbiji, hapo ng'ambo ya Ruvuma tu. Muhogo nao ni wa Brazili. Katika vilivyotoka ardhini na kufika mezani kwetu siku ile, mwenyeji wa kweli alikuwa ming'oko peke yake.

SOMOE: Kumbe! Kile kilichotaka kurudishwa kikapuni.

FESTO: Kile kile.

SOMOE: Na watoto? Usinifiche.

FESTO: Sikufichi. Mpwa wangu wa miaka 7 alilia. Alisubiri pilau tangu Novemba. Alikula muhogo kidogo, akanuna. Ikafika saa 9, jirani yetu, mama mmoja Mwislamu ambaye kila Krismasi anatuletea sahani, akaleta pilau. Mtoto akaichukua mlangoni.

SOMOE: Na sahani hairudi tupu.

FESTO: Haikurudi tupu. Tulimwekea kipande cha chewa, mgongoni penye nyama, na tui juu. Jioni akaja mwenyewe kuuliza limepikwaje.

SOMOE: Kaka Festo, na ming'oko ilibaki?

FESTO: Haikubaki hata mmoja. Mwishoni bibi mwenyewe alikuwa anauliza bakuli liko upande gani.

SOMOE: Basi nisikilize. Idi inakuja. Naomba umwambie mama aniwekee kilo 5. Za ghafi. Nitabangua mwenyewe na wanangu.

FESTO: Nitamwambia. Wewe tayarisha jivu.