Mbolea, Ekari na Bidii Isiyoandikwa Kwenye Dodoso

Habari za asubuhi walimu wangu, wanafunzi, na nyinyi maofisa ugani mliosafiri usiku kucha kuja kutusikiliza.

Nianze na sifuri. Mwaka 1928 mwanahisabati Charles Cobb na mchumi Paul Douglas walichapisha kanuni ya uzalishaji, yaani ya kukadiria mavuno kutokana na vilivyotumika, ambayo kila mwanafunzi wa uchumi kilimo huipitia. Waliipima kwa takwimu za viwanda vya Marekani, shamba halikuwemo. Tukiileta shambani, kanuni hiyo inazidisha: ardhi mara nguvu kazi mara mbolea, kila kimoja na kipeo chake. Kipeo cha mbolea kikiwa 0.2, ukiongeza mbolea kwa asilimia 10 mavuno yanapanda kwa karibu asilimia 2. Inasomeka kirahisi, ndiyo maana tunaipenda.

Sasa mfikirieni mama wa Songea ambaye msimu huu hakupata hata mfuko mmoja wa mbolea. Ukizidisha kwa sifuri, kanuni inasema hakuvuna kitu, na magunia yake yako ghalani! Wengi tunakwepa kwa kuongeza 1 kwenye kila kiasi cha mbolea ili logi, hesabu tunayotafutia vipeo na isiyopokea sifuri, ikubali. Nawasihi muache. Hiyo 1 ni kilo au ni gramu? Badilisha kizio tu, na kipeo chako kinabadilika. Heri mlinganyo wa kipeo cha pili, unaoipokea sifuri na kuruhusu mavuno kushuka mbolea ikizidi.

Hilo ni la hesabu, linatibika. Linaloninyima usingizi ni la mkulima mwenyewe. Anayepanda na mvua za kwanza na kupalilia mara mbili, mara nyingi ndiye huyo huyo anayenunua mbolea. Dodoso linaandika mifuko, haliandiki bidii. Kwa hiyo kazi ya jembe inahesabiwa kuwa kazi ya mbolea. Mchumi Yair Mundlak alilieleza tatizo hili mwaka 1961, kwa takwimu za mashamba ya familia ya Israeli, na dawa yake ni hii: mlinganishe mkulima na yeye mwenyewe, msimu hadi msimu. Lolote lisilobadilika kwake, ujuzi wake au rutuba ya udongo aliorithi, linajifuta. Ndiyo maana utafiti wetu wa taifa wa kaya hapa Tanzania, ulioanza 2008/09, unaorudi kwenye kaya zile zile, ni hazina. Hata hivyo haumalizi kila kitu. Mvua zikichelewa, mkulima anaghairi kununua mbolea, na mavuno nayo yanashuka. Bila takwimu za mvua, lawama yote itaiangukia mbolea aliyoikosa.

Halafu kuna ekari. Vijijini ekari ni hatua 70 kwa 70. Mwenye hatua ya sentimita 90 anapata karibu ekari kamili. Mwenye hatua ya sentimita 75 anapata kama 0.68 ya ekari. Akikwambia amevuna magunia 10 kwa ekari, kumbe ni karibu 15. Tofauti ya miguu tunaiandika kuwa tofauti ya tija! Wadadisi wapewe GPS, wazunguke shamba kwa miguu yao, hata kama ni mlimani na jua ni kali.

Kuna kijana huku nyuma ameuliza kwa nini tusigawe mbolea kwa kura, bila kujali bidii ya mkulima, tukaachana na modeli. Swali zuri mno, mwanangu. Wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya hivyo Busia, magharibi mwa Kenya, katika mashamba ya wakulima wenyewe. Kifurushi kizima kilichopendekezwa na serikali, yaani mbegu chotara, mbolea ya kupandia na ya kukuzia, kiliongeza mavuno, lakini kwa wastani hakikumlipa mkulima. Kilicholipa ni nusu kijiko cha chai cha mbolea ya kukuzia kwa kila shina. Kwa hiyo ndiyo, tugawe kwa kura pale tunapoweza. Lakini hata hapo mtapima mavuno kwa mizani na eneo kwa GPS, na mtauliza bei ya mbolea iliyofika kijijini, siyo ile ya bandarini.